Zipu

Nianze na zipu, maana mimi ni fundi
na jicho la fundi haliendi likizo.
Zipu ndefu, ya chuma, kutoka kisogoni hadi kiunoni,
inang'aa mgongoni mwa mtu
ambaye akigusa chuma, chuma kinashika kutu.
Majina ya watu yalipanda mwishoni mwa filamu, mia tatu na ushee.
Hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Kitabuni alikuwa na vifungo vya mti.
Vinne, kimoja si pacha wa wenzake,
na ukurasa wa tisa amekaa kitandani anakishona
kwa uzi usiofanana, ncha ya ulimi nje,
kama sisi sote tushonao usiku.
Hapo ndipo nilipompenda.
Si pale alipoangusha daraja.

Jina lake la kwao gumu; sisi Kiborloni tulimwita Kutu.
Alikuja ndani ya belo la makoti,
amekunjwa mara nne katika mfuko wa koti la mvua.
Kaka yangu Anaeli alikuwa na kamusi ya Kiingereza
iliyonyofoka kuanzia A hadi D,
kwa hiyo hatukupata neno la daraja, wala la kifo.
Tulikisia kwa kutazama picha.

Na ile nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku!
Hapa mkono umeinuliwa, pale mlango umelala chini;
katikati ni mimi niliyeusukuma.
Filamu inasukuma yenyewe, kwa kelele,
halafu inataka nishangae.

Ninayo mengine.
Kutu haina mwanga. Vidole vyake vinawaka buluu vya nini?
Kutu huja kimya, kama riba.
Na mji ule waliobomoa dakika arobaini, nani aliufagia?
Kitabuni yupo mama mwenye ufagio, kurasa mbili nzima,
anasukuma vumbi jekundu, anamtukana Kutu bila kumtazama;
naye anashika beleshi amsaidie,
beleshi linamomonyoka, anabaki na mpini.
Filamu haina mama huyo.
Ina helikopta saba.

Shose, binti yangu, anasema: mama, unazeeka,
kitabu ni kitabu, filamu ni filamu.
Sawa. Lakini ukiniandikia mtori ubaoni
nitauliza ndizi ziko wapi.

Niseme na la haki, nisionekane mwenye kijicho.
Niliiona mara ya kwanza kibandani, Pasua, kwa mia tano,
Didasi akitafsiri juu ya sauti zao.
Adui alifoka dakika nzima.
Didasi akasema tu: "Nitakutupa mto Karanga, na koti lako."
Kutu kwenye kioo alikuwa kimya, anahema.
Na Didasi, ambaye kitabu hajawahi kukitia machoni,
akashusha sauti:
"Koti hili kalishona mtu. Liheshimu."
Maneno hayo hayamo. Nimeshauliza wanaojua lugha.
Nililia gizani; jirani akadhani ni kwa sababu ya daraja.

Kitabu chetu hakikuwa na ukurasa wa mwisho.
Anaeli aliuchora kwa kalamu ya wino
nyuma ya risiti ya kahawa ya babu:
Kutu mbele ya geti la shule, kufuli, watoto ndani,
mikono yake mifukoni.
Kisanduku kimoja tu. Ataligusa, hataligusa?
Anaeli hakusema, na sasa yuko Mererani chini ya ardhi,
simu yake hushika Jumapili, na Jumapili tunaongelea ada.

Filamu imemaliza kila kitu: akafa, akafufuka, akatabasamu,
na sehemu ya pili inakuja.
Mimi nina risiti. Kilo kumi na nne, daraja la pili,
na upande wa nyuma, mtu na geti.

Juzi mtoto wa jirani kaja, shuleni kwao kuna sherehe,
anataka vazi la Kutu.
Nimemshonea. Vifungo vya mti, vinne,
kimoja si pacha wa wenzake.
Akajigeuza kwenye kioo, akapapasa mgongo:
"Mbona zipu hujaweka?"

Nikazima cherehani.
Nikamwambia, kaa.